Sura ya Sita: Kompyuta ya Kazini na Haki ya Kusikilizwa

Wakata mkonge wa Magoma wanajua tangu enzi za babu zao kwamba riziki yao imo katika maandishi ya mtu mwingine. Mkataji huhesabu mizigo yake shambani, nyapara huihesabu tena, karani huiandika, na mwisho wa mwezi kinacholipwa ni kile kilichoandikwa. Zamani maandishi hayo yalikaa kwenye daftari. Leo, katika ofisi nyingi za bonde la Luengera na milima ya Usambara inayolizunguka, yamehamia kwenye kompyuta: mishahara, mizani, stoo, barua za wanunuzi, majalada ya wagonjwa. Na makosa ya kazini nayo yamehamia humo.

Sura hii inahusu siku ambayo karani, mhasibu, muuguzi au mtunza stoo anapokea barua ya kutakiwa kujieleza kwa sababu ya barua pepe aliyotuma au faili alilofungua. Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni hiki: kosa la kompyuta ni kosa la kazi kama makosa mengine, na kumbukumbu ya mashine ni ushahidi unaopaswa kuhojiwa kabla haujaaminiwa. Mwajiri asiyelijua hilo hushindwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hata pale alipokuwa na sababu ya kweli. Mfanyakazi asiyelijua hupoteza kazi hata pale ambapo hakukosa.

Kutoka kadi ya kazi hadi pasiwedi

Mwaka 1907, eneo hili lilipotawaliwa na Wajerumani kutoka Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wanaume wa Kisambaa walipewa kadi za kazi. Mwenye kadi alitakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alichukuliwa kwa nguvu kwenda kwenye kazi za serikali. Kadi ndiyo iliyosema nani ametii na nani amekaidi.

Waingereza walipokuja, sheria yao ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya uzembe kazini kuwa jinai, na mtumishi akaweza kutozwa faini au kufungwa kwa jambo ambalo leo lingeishia kwenye onyo. Kwenye mashamba ya mkonge kilitawala kipande, kadi yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Kazi ambayo nyapara hakuridhika nayo haikutiwa alama, na siku isiyo na alama haikuwa na malipo.

Baada ya uhuru, sheria ya kulinda ajira ya mwaka 1964 iliweka jedwali la makosa pamoja na adhabu zake, kuanzia onyo hadi kufukuzwa, na kuipa kamati ya wafanyakazi nafasi ya kusema kabla mtu hajaachishwa. Aliyeona ameonewa aliweza kupeleka malalamiko kwenye baraza la usuluhishi. Sheria hiyo imekwisha kufutwa, na mahali pake ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, lakini misingi imebaki: kosa lijulikane mapema, adhabu ilingane na kosa, na anayetuhumiwa asikilizwe.

Nimeanza na historia hii kwa sababu kompyuta ina nguvu ileile iliyokuwa nayo kadi. Inaandika jina, saa na tendo, na mara nyingi anayeweza kuifungua na kuisoma ni upande mmoja tu. Tofauti kati ya kazi ya kulazimishwa na ajira ya mtu huru haipo kwenye chombo kinachoandika. Ipo kwenye haki ya aliyeandikwa kuyaona maandishi hayo na kuyajibu.

Makosa hayana uzito mmoja

Yako matumizi mabaya yanayopoteza muda na mali kidogo: kuangalia mpira saa za kazi, kupakua sinema kwa bando la ofisi, kuchapa kadi za mchango wa harusi kwa printa ya kampuni, kuandikiana na ndugu mchana kutwa kwa anwani ya kazini. Uko uzembe unaohatarisha wengine, kama kumpa mwenzako pasiwedi, kufungua kiambatisho cha mtu usiyemjua hadi virusi vikaingia, au kutuma orodha ya mishahara ya shamba zima kwenye anwani isiyo yenyewe. Na uko udanganyifu wenyewe: kuongeza mizigo ya rafiki kwenye mfumo, kuandika barua pepe kwa jina la meneja ili malipo ya mbolea yaingie akaunti nyingine, kumuuzia mshindani bei za kampuni, kufungua jalada la mgonjwa na kuutangaza ugonjwa wake kijijini.

Makosa ya kundi hili la mwisho yana waathirika wenye majina. Mizigo ya uongo ikiingia kwenye hesabu, mkataji aliyechomwa na miiba siku nzima analipwa sawa na aliyelala. Siri ya mgonjwa ikitoka, hakuna sheria inayoweza kuirudisha. Kwa hiyo ninapotetea haki ya kusikilizwa sitetei wizi. Natetea njia pekee ya kumtofautisha mwizi na aliyesingiziwa.

Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinampa mwajiri maswali ya kujiuliza kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu. Je, kuna kanuni iliyovunjwa? Kanuni hiyo ni ya haki, na iko wazi? Mfanyakazi aliijua, au alipaswa kuijua? Imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo? Na je, kuachishwa kazi ndiyo adhabu inayostahili? Kanuni hizo zinasema pia kwamba kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa kama ni zito kiasi kwamba haiwezekani kuendelea naye. Zinataja mifano: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumshambulia mtu na ukaidi mkubwa.

Pima sasa makosa ya kompyuta kwa maswali hayo. Barua pepe ya kughushi kwa jina la meneja ni udanganyifu mkubwa, na inaweza kumwondoa mtu kazini mara ya kwanza tu. Kuangalia mpira ni jambo la onyo, na likirudiwa, onyo la maandishi. Kama ofisi nzima ilikuwa ikiangalia mpira, meneja akiwemo, halafu akaandikiwa barua karani mmoja aliyegombana na bosi wiki iliyotangulia, swali la upendeleo litasimama mbele ya mwamuzi, na mwajiri atatakiwa kulijibu.

Nani alikuwa kwenye kiti?

Hapa ndipo mashauri ya kompyuta yanapokuwa magumu kuliko ya panga lililopotea stoo. Mfumo unaonyesha kwamba saa 10:40 jioni akaunti fulani ilibadili hesabu ya mizani. Hauonyeshi ni vidole vya nani vilivyobonyeza. Katika ofisi za mashamba na vituo vya huduma vijijini, kompyuta moja huhudumia watu watatu au wanne. Mmoja akienda likizo humwachia mwenzake pasiwedi ili mishahara isichelewe. Pasiwedi nyingine hubandikwa ukutani kwa kipande cha karatasi, na mashine huachwa wazi wakati wa chai. Umeme ukikatika na kurudi, saa ya kompyuta yenye betri iliyokufa huanza kuhesabu upya kutoka tarehe isiyo ya kweli.

Chukua mfano wa karani wa mizani anayetuhumiwa kubadili hesabu kwa siku tatu. Akaunti ni yake. Siku mbili alikuwa zamu, lakini siku ya tatu daftari la mahudhurio linaonyesha alikuwa na ruhusa ya kwenda msibani. Hiyo siku moja inalitikisa shauri lote, kwa sababu inaonyesha kwamba huenda kuna mtu mwingine aliyeijua pasiwedi yake. Bado karani anaweza kuwa na kosa la kuigawa. Lakini kugawa pasiwedi ni uzembe, na kughushi hesabu ni wizi, na mtu hapaswi kuadhibiwa kwa la pili kwa sababu tu amekiri la kwanza.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na inaeleza mambo ya kuangaliwa katika kuupima: ulitengenezwa, ukahifadhiwa na ukatumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, ulilindwaje usibadilishwe, na aliyeutoa alitambuliwaje. Sheria hiyo ni ya mahakama na taratibu za kisheria, lakini maswali yake yanamfaa yeyote anayekaa kwenye kikao cha nidhamu. Karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta, isiyosema ilichapwa lini, na nani, kutoka mashine gani, ni ushahidi dhaifu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hata tuhuma isiyo na kumbukumbu safi huishia hewani.

Na mzigo wa kuthibitisha hauko kwa mfanyakazi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba kuachisha kazi kulikuwa kwa haki. Kiwango cha uthibitisho si kile cha kesi ya jinai, bali ni uwezekano ulio mkubwa zaidi, na hata hicho hakifikiwi kwa dhana.

Je, mwajiri anaweza kusoma barua pepe zako?

Anwani ya kazini ni chombo cha kazi, na mwajiri ana sababu halali za kuisimamia: kulinda fedha, siri za wateja na usalama wa mfumo. Hilo halimpi ruhusa ya kupekua kila kitu kimyakimya. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu afanye hivyo kihalali, kwa uwazi na kwa kusudi linalojulikana, na ipo Tume ya kuisimamia. Mwajiri anayehifadhi barua pepe za watumishi wake anakusanya taarifa za watu.

Shauri linalosaidia kufikiri limetoka Romania. Mhandisi wa mauzo huko Bucharest, Bogdan Bărbulescu, alifungua akaunti ya Yahoo Messenger kwa maelekezo ya mwajiri ili awajibu wateja. Julai 2007 kampuni ilifuatilia mawasiliano yake kwa siku kadhaa. Aliposema aliitumia kwa kazi tu, alionyeshwa kurasa 45 za maneno yake, yakiwemo ya faragha aliyoandikiana na kaka yake na mchumba wake, kisha akafukuzwa. Kanuni za kampuni zilikataza matumizi binafsi, naye alizijua. Mwaka 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimkatalia. Lakini tarehe 5 Septemba 2017 jopo kubwa la mahakama hiyo, kwa kura 11 dhidi ya 6, liliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Liliuliza kama alijulishwa mapema kwamba atafuatiliwa na kwa kiasi gani, kama kulikuwa na sababu halali ya kusoma maneno yenyewe, na kama hapakuwa na njia nyepesi zaidi.

Hukumu hiyo haiifungi Tanzania. Hata hivyo inatenganisha mambo mawili ambayo waajiri wengi huyachanganya. Kumwambia mtu asitumie kompyuta kwa mambo yake ni jambo moja. Kumwambia kwamba barua zake zitasomwa ni jambo jingine, na kulisema la kwanza si kulisema la pili. Mwajiri anayetaka kufuatilia aliandike hilo na mfanyakazi asaini kwamba amelisoma. Naye mfanyakazi asitumie anwani ya ofisi kwa mambo asiyotaka yasomwe: maombi ya kazi kwingine, matokeo ya vipimo, ugomvi wa ndoa.

Barua ikifika

Ukiandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, usiijibu kwa hasira siku hiyohiyo, na usiguse ushahidi. Mtu anayefuta barua pepe baada ya kutuhumiwa hutengeneza kosa la pili, mara nyingi zito kuliko la kwanza. Andika tarehe na saa uliyoipokea, na ubaki na nakala. Kisha omba kwa maandishi uonyeshwe kila kitu kitakachotumika dhidi yako: barua pepe kamili zenye tarehe na anwani, kumbukumbu za mfumo, sera ya matumizi ya kompyuta, na karatasi uliyosaini kama ipo. Kusanya vya kwako: daftari la mahudhurio, ruhusa za likizo, majina ya waliokuwa wakiitumia mashine hiyo.

Mwajiri anaweza kukusimamisha kazi wakati wa uchunguzi, lakini kwa mshahara kamili. Akiamua kuitisha kikao cha nidhamu, Kanuni za 2007 zinakupa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Tuhuma zielezwe kwa lugha unayoielewa. Kama uliajiriwa kwa Kiswahili na unafanya kazi kwa Kiswahili, una haki ya kuzitaka kwa Kiswahili. Mwenyekiti awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na jambo lenyewe, kwa hiyo meneja aliyekupekua hawezi kuwa hakimu wako. Unaweza kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kwenye mashamba chama cha kutafuta ni TPAWU, na tawi zuri lina mtu anayezijua Kanuni hizi kwa vifungu.

Ndani ya kikao, uliza maswali. Nani alichapa karatasi hii? Mashine ilikaa wapi tangu siku ya tukio? Nani mwingine anaijua pasiwedi? Kama umekosa, sema umekosa nini na usikubali zaidi ya hapo. Ukionekana una hatia bado una nafasi ya kuomba upunguziwe adhabu: miaka ya utumishi, kutokuwa na onyo, kutopata mafunzo. Uamuzi utolewe pamoja na sababu zake.

Usiweke tumaini lote kwenye kasoro ndogo za utaratibu. Katika shauri la marejeo Na. 79 la mwaka 2009, lililohusu benki ya NBC Mwanza, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ilieleza kwamba Kanuni hizi si orodha ya kutiki. Kinachoangaliwa ni kama misingi ya kusikilizwa kwa haki ilifuatwa. Tarehe iliyokosewa kwenye barua haitakuokoa. Kunyimwa ushahidi uliotumika kukuhukumu kunaweza kukuokoa.

Ukiachishwa kazi na ukaona umeonewa, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Tanga mjini. Kutoka Magoma hiyo ni safari ya nauli na ya siku, na wengi hungoja wapate nauli, au humngoja meneja aliyeahidi kwamba mambo yatakwisha kinyumbani. Siku hazingoji ahadi. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Mgogoro huanza kwa usuluhishi, ukishindikana huenda kwa uamuzi. Sheria ya 2004 ilivyotungwa ilitaja kurudishwa kazini kuwa mojawapo ya nafuu, au fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Vifungu vya fidia hufanyiwa marekebisho, hivyo muulize mwakilishi wako hali ilivyo sasa. Zingatia pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita.

Watumishi wa umma, na polisi

Muuguzi wa kituo cha serikali au afisa wa halmashauri anapita njia nyingine: Sheria ya Utumishi wa Umma, hati ya mashtaka, kamati ya uchunguzi, kisha rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 anatakiwa amalize ngazi hizo kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi. Mifumo ya serikali anayoitumia inasimamiwa pia chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na akaunti aliyopewa ni dhamana yake binafsi. Kumwachia mwenzake akaunti hiyo wakati wa likizo ni desturi ya wema inayoweza kumponza. Akienda likizo, aombe mwenzake afunguliwe akaunti ya kwake mwenyewe.

Baadhi ya makosa huvuka mpaka wa nidhamu. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, kunasa mawasiliano au kuharibu data ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015. Waajiri wengine huitumia sheria hii kama kitisho: jiuzulu, la sivyo tunakwenda polisi. Usijiuzulu chumbani humo. Kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira kinasema aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa linalofanana kimsingi na hilo hapewi adhabu ya nidhamu mpaka kesi iishe, pamoja na rufaa yake. Mwajiri anayefungua mlango wa jinai ajue anafunga ule wa nidhamu kwa muda huo.

Kazi ya kufanywa kabla ya kosa

Mashauri mengi ya aina hii yangezuiwa kwa kurasa mbili za Kiswahili chepesi. Sera nzuri inasema kompyuta ni ya kazi gani, matumizi binafsi yanaruhusiwa wapi, pasiwedi haigawiwi kwa yeyote akiwemo meneja, barua pepe zitafuatiliwa lini na nani, na kosa lipi lina adhabu ipi. Isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wafanyakazi, isainiwe, nakala ibandikwe. Kila anayegusa mfumo awe na akaunti yake, hata kama mashine ni moja. Akaunti ya ziada haina gharama kubwa. Kushindwa CMA kwa sababu haijulikani nani alikuwa kwenye kiti kuna gharama.

Vyama vya wafanyakazi navyo visisubiri mwanachama aandikiwe barua. Mikataba ya hali bora inazungumza kuhusu ujira, nyumba, matibabu na vifaa vya kujikinga. Iweke sasa kifungu cha kompyuta: haki ya mfanyakazi kuziona kumbukumbu zinazomhusu, na haki ya kufundishwa kabla ya kuadhibiwa. Mkata mkonge asiyegusa kompyuta maisha yake yote ana haja ya kifungu hicho sawa na karani, kwa kuwa mizigo yake imo humo. Siku hesabu yake ikipungua, awe na pa kwenda kuuliza, na anayemjibu amwonyeshe kilichoandikwa, lini, na nani.